UZI: Mizabibu ya ukoo tangu 1620 na pembe za ng'ombe ardhini. Kazi yenyewe hufanywaje, na huku kwetu Kenya itawezekana?

#1 UdongoKwanza

Wadau, maswali kuhusu kilimo cha bayodainamiki (kilimo-hai chenye dawa zake maalum za samadi na mimea, na kalenda ya mwezi) yametapakaa kwenye nyuzi za mboji, za zabibu, hata za ng'ombe wa maziwa. Tuyakusanye hapa. Nachukua shamba moja la mvinyo liwe mfano, maana bila shamba la kutazama mjadala huu huishia kwenye mwezi na nyota, na hakuna anayeondoka na kipimo hata kimoja.

Shamba ni Domaine Zind-Humbrecht, Turckheim, katika eneo la Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Akina Humbrecht wanalima zabibu tangu 1620. Kwa umbo lake la sasa shamba lilizaliwa na ndoa: mwaka 1959 Léonard Humbrecht na Geneviève Zind waliunganisha mizabibu ya pande mbili. Mwana wao Olivier ndiye Mfaransa wa kwanza kupata daraja la Master of Wine, daraja la juu la utaalamu wa mvinyo, 1989, na ndiye aliyeliingiza shamba kwenye bayodainamiki mwaka 1997. Cheti cha Biodyvin, umoja wa mashamba ya mvinyo ya bayodainamiki, kilifuata 2002. Ni hekta 40 hivi, yaani karibu eka 100, zikiwemo zile za mlima wa Rangen kule Thann, mteremko mkali wa mawe ya volkeno ambao Léonard aliununua 1977.

Si wao wa kwanza. Nikolaihof ya Mautern, Austria, shamba la akina Saahs tangu 1894, ilianza 1971. Coulée de Serrant ya akina Joly, bonde la Loire, hekta 7 zilizopandwa na watawa mwaka 1130, iliingia miaka ya 1980. Nimewachagua akina Humbrecht kwa sababu shamba lao ni kubwa kiasi cha kufichua ugumu wa kazi. Hekta 7 unaweza kuzilea kama bustani. Hekta 40 zinakudai hesabu.

Mbinu yenyewe inatokana na mihadhara ya mwanafalsafa Rudolf Steiner, Juni 1924, kijijini Koberwitz, sehemu ambayo leo iko Poland. Chapa ya Demeter, cheti cha mazao ya bayodainamiki, ilikuja 1928. Kiini chake ni dawa tisa zenye namba, 500 hadi 508. Naziita dawa kwa kukosa jina bora, si sumu. Dawa ya 500 ni samadi ya ng'ombe iliyozikwa ndani ya pembe kabla ya baridi na kukaa ardhini miezi sita, hunyunyiziwa udongo. Ya 501 ni unga wa kwatzi uliokaa ndani ya pembe, hunyunyiziwa majani. Za 502 hadi 507 ni mimea inayotiwa ndani ya mboji: akilea, kamomili, thabai, gome la mwaloni, dandelioni, valeriani. Ya 508 ni mchemsho wa ekwizeta dhidi ya ukungu.

Sasa hesabu. Kipimo cha kawaida cha 500 ni gramu 100 kwa hekta, ndani ya lita 30 hadi 40 za maji, zikorogwe saa nzima. Kwa hekta 40 hizo ni kilo 4 za dawa na lita 1,400 hivi za maji. Pipa la lita 200 litakorogwa mara saba, saa moja kila mara, na kila pipa linatakiwa liwe limekwisha shambani ndani ya saa tatu au nne, wakati wa jioni, udongo ukiwa na unyevu. Ndiyo maana mashamba makubwa yana mashine za kukoroga, na ndiyo maana nasema pembe ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kinachogharimu ni mikono, na mikono hiyo iwepo saa ile ile inapohitajika.

#2 MamaShamba_Kitengela

Shukran. Maswali matatu. Kwa eka moja au robo eka vipimo ni vipi? Pembe zitoke wapi, ilhali ng'ombe wa maziwa wengi wa Kiambu huchomwa pembe wakiwa ndama? Na hii ya kuzika kabla ya baridi, sisi tusio na theluji tuzike lini?

#3 PembeTatu

Mama Shamba, tuanze na vipimo. Eka moja ni hekta 0.4, basi gramu 40 katika lita 14. Hiyo ni bomba moja la mgongoni la lita 16, halijai hata. Robo eka ni gramu 10 katika lita 3 na nusu, lakini usikoroge kiasi kidogo hivyo, maji hayatapata shimo la kuzunguka. Koroga lita 10 na gramu 30, halafu yanayobaki wape mboga.

Kukoroga: pipa la mbao au chungu, si sufuria ya alumini. Zungusha kwa kasi upande mmoja hadi katikati pachimbike shimo refu, kisha ugeuze ghafla upande wa pili, povu litibuke, ujenge shimo lingine. Hivyo hivyo dakika 60. Maji ya mvua au ya kisima, yawe vuguvugu. Ya mfereji wa Nairobi yana klorini, yaache wazi siku nzima kwanza. Chuja kwa kitambaa, toa ncha ya bomba ili matone yatoke makubwa. Wengine huchovya fagio na kurusha tu.

Pembe: machinjio ya Dagoretti au Kiserian. Omba za zebu au Boran jike. Jike aliyezaa ana pete pete kwenye shina la pembe. Ya dume ni pana na ganda lake jembamba. Loweka wiki moja au mbili kiini cha mfupa kilegee, ukigonge kitoke. Chukua za machinjio yenye mkaguzi wa nyama tu. Usiokote pembe ya ng'ombe aliyekufa malishoni bila sababu kujulikana, maana vimelea vya kimeta hukaa udongoni miongo na miongo. Na kwa kuwa umegusia ndama: Demeter inakataza kabisa kuchoma au kukata pembe za ng'ombe wa shamba lenye cheti.

Samadi: ya ng'ombe jike anayekula nyasi. Anayelishwa chakula cha dukani hutoa samadi majimaji isiyoshika. Mpe nyasi kavu siku mbili tatu kwanza. Jaza pembe hadi mdomoni, piga piga hewa itoke.

Kuzika: shimo la sentimita 40 hadi 60, mdomo wa pembe uelekee chini maji yasituame ndani, mbali na mizizi ya miti. Kuhusu lini, hapa wengi hukosea kwa kunakili tarehe za Ulaya. Wao huzika Oktoba kwa sababu udongo wao unaanza kupoa na kulowa. Sisi tutafute hali ile ile, tarehe tuiache. Kwa Nairobi na kando yake mimi ningezika mwanzo wa mvua za masika, mwisho wa Machi au Aprili, pembe zipitie baridi ya Juni hadi Agosti, zifukuliwe Septemba.

Kitengela kuna tatizo la peke yake: udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukijaa maji hewa haipiti, utafukua samadi ya kijani inayonuka kama siku ulipoiweka. Inua tuta la udongo mwekundu uliochanganywa na mboji, uzike humo. Dawa iliyokomaa ni nyeusi, ina unyevu, inanukia kama udongo wa msituni. Ikiwa bado kijani, irudishe ardhini wiki nne hadi sita. Ikiwa kavu na inapukutika kama tumbaku, hiyo imekufa, itupe kwenye mboji. Pembe moja hutumika mara tatu au nne kisha huwa laini na kupasuka.

Hifadhi kwenye chungu chenye kifuniko kilicholegea, chungu kikae ndani ya sanduku lililojazwa makumbi ya nazi pande zote. Ulaya hutumia mboji ya kinamasi; makumbi yanafanya kazi ile ile. Angalia unyevu kila mwezi.

#4 HesabuKwanza

Nauliza bila ubaya. Mnaweka gramu 100 za samadi kwa hekta nzima. Hiyo haifikii hata kinyesi cha kuku wawili kwa siku. Ushahidi uko wapi?

Kuna jaribio la DOK kule Therwil, Uswisi, lililoanza 1978. Linalinganisha bayodainamiki, kilimo-hai cha kawaida na kilimo cha kemikali. Matokeo ya miaka 21 yaliyochapishwa 2002: mavuno ya mifumo ya kilimo-hai yalikuwa chini kwa asilimia 20, huku mbolea ikipungua kwa asilimia 34 hadi 53 na sumu za wadudu na magonjwa kwa asilimia 97. Sawa, ni mazuri. Lakini sehemu kubwa ya faida hiyo kilimo-hai cha kawaida kimeipata pia. Na kwa zabibu zenyewe, Geisenheim, Ujerumani, wana jaribio la zabibu aina ya Riesling tangu 2006: mizabibu ya kilimo-hai na ya bayodainamiki ilipungua ukuaji na mavuno ikilinganishwa na ya kawaida, ila kati ya hizo mbili tofauti ilikuwa ndogo mno. Sasa pembe imeongeza nini?

#5 UdongoKwanza

HesabuKwanza, namba zako ni sahihi na sitazibishia. Atakayekuambia gramu 100 zinalisha udongo kama mbolea anakudanganya. Hakuna nitrojeni ya maana mle.

Ninachoweza kutetea ni hiki. Mtu anayenyunyiza 500 mara mbili kwa mwaka lazima ameutembea mstari kwa mstari, jioni, akiangalia udongo. Asiyekuwa na ng'ombe inabidi atafute, na mboji hufuata. Hawezi kuweka mbolea ya chumvi wala dawa ya magugu. Demeter inamtaka aache asilimia 10 ya ardhi kwa viumbe wengine: ua, vichaka, kidimbwi. Hayo yote ukiyajumlisha ndiyo unayoyaona shambani, na pembe imo ndani tu kama kengele ya kukumbusha ratiba. Mwenye kutaka kuacha pembe na kubaki na mengine atakosa cheti cha Demeter, lakini mizabibu yake haitamlaumu.

Kwa huku kwetu kuna majaribio ya muda mrefu Chuka na Kandara, tangu 2007, kilimo-hai dhidi ya cha kawaida, kwenye mahindi na mboga. Si bayodainamiki, lakini jibu lake linafaa hapa: palipowekwa mboji nyingi ya kutosha, mahindi ya kilimo-hai yalikuja kulingana na ya mbolea ya dukani. Palipowekwa kidogo, hakuna muujiza.

#6 MrututuNaChokaa

Mmeongea pembe ukurasa mzima na hakuna aliyetaja shaba. Shamba la mizabibu la kilimo-hai linakufa kwa ubwiri vinyoya, ukungu wa majani unaoletwa na mvua, kabla halijafa kwa kukosa 500. Na dawa halisi ya ubwiri vinyoya kwa watu hawa, baada ya hotuba zote, ni mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa, tangu mtaalamu wa mimea Millardet autangaze kule Bordeaux mwaka 1885.

Umoja wa Ulaya unaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7, wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Demeter inabana zaidi, wastani wa kilo 3. Kumbukeni ni shaba tupu, si uzito wa mrututu. Mrututu una shaba robo ya uzito wake. Mchanganyiko wa zamani wa asilimia moja, gramu 10 kwa lita, lita 500 kwa hekta, ni kilo 5 za mrututu, yaani kilo 1.25 za shaba. Mara tatu tu umeshapita kiwango cha Demeter cha mwaka mzima.

Kwa hiyo punguza. Gramu 3 za mrututu kwa lita, lita 120 kwa eka: gramu 360, shaba gramu 90. Kiwango cha Demeter kwa eka ni kilo 1.2 kwa mwaka, una mara 13. Mnasema ni nyingi? Alsace wanavuna mara moja kwa mwaka. Sisi mzabibu unaweza kuzaa mara mbili, na daftari la shaba ni la mwaka, si la msimu. Shaba haiozi. Inabaki juu ya udongo inaua minyoo ile ile mnayoitafutia samadi ya pembe.

Kuchanganya: ndoo za plastiki, mrututu unakula bati. Yeyusha mrututu kwenye ndoo moja usiku kucha, chokaa iliyozimwa kwenye nyingine, kisha mimina mrututu polepole ndani ya chokaa ukikoroga. Tumbukiza msumari msafi dakika chache. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, mchanganyiko bado ni asidi na utaunguza majani, ongeza chokaa. Tumia siku hiyo hiyo, kesho yake utakuwa umejigandisha chini.

Kosa kubwa: kunyunyiza baada ya kuona madoa ya mafuta juu ya jani. Shaba haiponyi, inazuia. Inatakiwa iwe juu ya jani kabla ya mvua. Ikinyesha milimita 20 hivi imeoshwa, rudia. Ulaya wana kanuni ya kumi tatu: machipukizi sentimita 10, mvua milimita 10, joto nyuzi 10, hapo ugonjwa unaanza. Huku joto halijawahi kushuka chini ya hapo mchana, kwa hiyo mbili zilizobaki ndizo za kuangalia.

#7 Naivasha_Upepo

Kuongezea kwa Mrututu. Watu wanasahau kwamba Alsace ni kukavu. Milima ya Vosges inakinga mvua, Colmar ni kati ya miji mikavu ya Ufaransa, milimita 600 kwa mwaka au pungufu. Naivasha inafanana nayo kwa hilo, iko kwenye kivuli cha mvua cha Nyandarua. Limuru haifanani hata kidogo. Anayetaka kunakili akina Humbrecht Limuru ajiandae kupigana na ukungu mwaka mzima.

Pakavu adui ni ubwiri unga. Huo hauhitaji mvua, unahitaji kivuli na hewa iliyosimama. Salfa ya kuyeyuka majini, kilo 3 hadi 6 kwa hekta, kila siku 10 hadi 14. Ikizidi nyuzi 30 salfa inaunguza majani. Kukiwa na baridi haifanyi kazi. Piga asubuhi. Simamisha wiki tano au sita kabla ya kuvuna, la sivyo salfa inaingia na zabibu kwenye pipa na mvinyo unanuka yai bovu. Na toa majani yanayozunguka vishada upande wa jua la asubuhi tu. Upande wa magharibi yaache, jua letu la saa tisa linachoma zabibu.

501 pia muwe waangalifu. Gramu 4 kwa hekta, gramu moja na nusu hivi kwa eka, ukungu laini juu ya majani punde tu jua likichomoza. Inasemekana huvuta mwanga na kuharakisha kuiva. Hatuna upungufu wa mwanga. Wakati wa kiangazi, mzabibu ukiwa na kiu, usiipige. Na unga wa kwatzi usisagwe kikavu bila barakoa ya maana: vumbi lake huharibu mapafu na hayaponi. Saga ukiwa umelowa, au nunua uliokwisha sagwa.

#8 MamaShamba_Kitengela

Na mboji? Hizi 502 hadi 507 tutazipata wapi? Thabai ninayo ukutani, kamomili inapandika. Hivyo vingine?

#9 PembeTatu

Thabai yetu si ile ile ya Ulaya ila ni ya jamii moja, wengi huitumia. Ya 504 ndiyo rahisi, thabai iliyochanua hufunikwa udongoni mwaka mzima bila kiungo chochote cha mnyama. Kamomili hutiwa kwenye utumbo wa ng'ombe, muulize muuza matumbo. Gome la mwaloni hutiwa kwenye fuvu la mnyama wa kufugwa, na onyo la kimeta ni lile lile.

Lakini 502, akilea, inahitaji kibofu cha ayala dume, na Kenya hatuna ayala. Tafadhali asije mtu akajaribu kibofu cha swala. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haitakuuliza kama ulikuwa unatengeneza mboji. Agiza iliyotengenezwa tayari, na uombe kibali KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, kabla ya kuagiza, si mzigo ukishafika uwanja wa ndege wa JKIA.

Habari njema ni kwamba unahitaji kidogo mno. Gramu 1 au 2 za kila moja zinatosha lundo la mita kadhaa za ujazo, hadi 10. Toboa mashimo ya nusu mita ndani ya lundo, kila dawa na shimo lake, fumbia kwa udongo. Valeriani huchanganywa na maji, ikakorogwa dakika 15, ikanyunyizwa juu.

Kwa shamba dogo fanya shimo la samadi kama wafanyavyo India. Jenga matofali kuzunguka shimo la sentimita 90 kwa 60, kina 30, bila sakafu. Kilo 60 za samadi mbichi, gramu 200 za maganda ya mayai yaliyosagwa, gramu 200 au zaidi za vumbi la jiwe la basalti. Mawe ya Nairobi ya volkeno yanafaa. Vumbi la kokoto la jiwe jeusi liko kila mahali, osha uhakikishe halina mafuta ya mashine. Kanda dakika 20 kama unga wa chapati, weka dawa za 502 hadi 507, funika na gunia lenye unyevu. Geuza kwa uma kila wiki tatu au nne. Miezi mitatu hadi minne iko tayari. Kilo moja, lita 45 za maji, eka moja.

Usiweke samadi ya kuku wa vizimba, Demeter haiikubali na nitrojeni yake ni kali. Mzabibu ukishiba nitrojeni unatoa majani tele, na majani tele ni nyumba ya ubwiri. Tani 5 hadi 10 za mboji kwa hekta kila baada ya miaka miwili au mitatu, basi. Katikati ya mistari panda njahi au kunde, mstari mmoja ndio, mmoja la, zilaze chini kabla hazijakomaza mbegu. Pande za Yatta msirundike nyasi kavu hadi kwenye shina, mchwa watakuja na watabaki.

#10 Juma_wa_Bustani

Kalenda ya mwezi je? Siku za tunda, za jani?

#11 UdongoKwanza

Kalenda ya Maria Thun, inatoka tangu 1963. Hutazama mwezi uko mbele ya kundi gani la nyota, mzunguko wa siku 27 na ushei. Kosa la kawaida ni kuchanganya mwezi unaopanda na mwezi unaokua. Unaokua ni ule wa kuandama hadi kutimia. Unaopanda ni ule ambao kila siku njia yake angani inasogea juu zaidi, na walio kusini mwa ikweta huusoma kinyume na wa Ulaya. Nairobi tuko nyuzi moja na kidogo tu kusini, tofauti hiyo ni kama haipo. Ukiwa na siku mbili zinazofaa na moja ni ya tunda, chukua ya tunda. Mvua ikitabiriwa kesho na shaba haijapigwa, piga leo, mwezi utakusamehe.

#12 BwanaPipa

Kwenye pishi ndiko wengi wataharibikiwa, niseme machache. Zind-Humbrecht hukamua polepole vishada vizima, hawaongezi hamira, mvinyo hujichachukia kwenye mapipa makubwa ya mwaloni ya zamani. Kuchachuka huko huchukua miezi, mara nyingine zaidi ya mwaka. Ndiyo sababu utamu hubadilika mwaka hadi mwaka na wakaamua kuandika kwenye lebo namba 1 hadi 5, moja ni mkavu, tano ni mtamu.

Usiige hivyo Yatta kwenye chumba cha nyuzi 28. Kwanza, hamira za asili katika joto hilo humaliza sukari siku nne tano na harufu zote zinakwenda na hewa. Pili, bakteria wa siki wanapenda joto kuliko hamira. Anza na kianzio: siku 7 hadi 10 kabla ya mavuno chuma asilimia 3 hadi 5 ya zabibu safi kabisa, ponda, weka nyuzi 20 hadi 25. Sukari ikishuka nusu ndipo umimine kwenye zabibu zote. Kianzio kikinuka rangi ya kucha, mwaga, usijaribu kukiokoa.

Tatu, asidi. Zabibu za joto zina pH ya juu, yaani asidi hafifu, na salfa dioksidi inayokinga mvinyo usiharibike hudhoofika pH ikipanda. Kwa kinga ile ile, pH 3.4 inataka miligramu 32 huru kwa lita, pH 3.8 inataka 79. Umoja wa Ulaya unaruhusu mvinyo mkavu wa kilimo-hai salfa ya jumla miligramu 100 kwa mwekundu, 150 kwa mweupe. Kwa pH 3.8 utagonga mwamba. Vuna mapema, alfajiri, utazame pH badala ya sukari peke yake.

#13 HesabuKwanza

Hapo kwenye usingizi wa mzabibu hakuna aliyegusa. Alsace baridi inaulaza mti, unaamka wenyewe. Huku wengi hupaka sayanamidi ya hidrojeni baada ya kupogoa ili macho, yaani vichipukizi vilivyolala, yaamke pamoja. Hiyo hairuhusiwi kwenye kilimo-hai, sembuse bayodainamiki. Mtafanyaje?

#14 Naivasha_Upepo

Kata maji wiki tatu nne baada ya mavuno. Toa majani kwa mkono wiki mbili kabla ya kupogoa. Pogoa panapokauka, si katikati ya mvua, ili miezi minne hivi baadaye zabibu ziive tena pakiwa pakavu. Inamisha matawi yaliyoachwa marefu, ncha ishuke chini ya shina lake, la sivyo macho ya mwisho huamka na ya katikati hulala. Kitunguu saumu kilichopondwa kupakwa kwenye mikato kimeonyesha matokeo kwenye majaribio, hakifikii sayanamidi. Kubali kwamba macho hayataamka siku moja, na hivyo hutavuna siku moja. Utapita mstari mara mbili tatu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mti wenyewe unaweza. Lakini mara mbili kila mwaka unachoka. Kwa mvinyo mzuri wapo wanaoacha zao la mvua, wanapogoa fupi bila kuzalisha.

#15 MamaShamba_Kitengela

Sasa la familia. Hawa wamekaa na shamba tangu 1620 bila kugawana viploti?

#16 UdongoKwanza

Wamegawana sana, Alsace yote. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya 1804 inawapa watoto wote haki ya urithi, na ndiyo iliyokata mashamba ya mvinyo kuwa vipande kama shuka la viraka. Hekta 40 za hawa ziko vijiji kadhaa. Wanachofanya Wafaransa wengi ni kuiweka ardhi ndani ya kampuni ya ardhi ya kilimo. Watoto hurithi hisa, anayelima huikodi kutoka kwa nduguze kwa mkataba mrefu. Hapa linawezekana kwa kampuni ya familia au amana, hati ya ardhi ibaki moja. Lifanywe mzee akiwa hai, na nduguze wasiolima walipwe kodi ya kweli. Wakikaa miaka kumi bila senti wataleta mpima ardhi.

Na usisahau miaka mitatu ya kubadilisha shamba kabla ya cheti: gharama za kilimo-hai, bei ya kawaida. Soko la hapa likitosha, alama ya Kilimohai kupitia vikundi vya wakulima ni nafuu kuliko Demeter.

#17 MrututuNaChokaa

La mwisho kwa Mama Shamba kabla hajanunua kitu. Bomba la 500 na la mrututu liwe jipya, na lisiazimwe jirani. Bomba lililowahi kubeba dawa ya magugu ya 2,4-D, hata likisuguliwa, hubaki na masalio ya kutosha kukunja majani ya mzabibu yawe kama feni. Utadhani ni virusi, utang'oa miti mizima.

#18 MamaShamba_Kitengela

Limeandikwa. Bomba jipya, pembe kumi, tuta la udongo mwekundu. Machi tutaonana hapa.